CHESISI IKIKATWA, DEREVA AONYESHWE KARATASI



Jambo la leo si mshahara, ingawa la mshahara nalo halijakwisha na tutalirudia. Jambo la leo ni chesisi.

Kila mmoja wetu ayajua malori yanayokuja kupakia sokoni Chwele. Vitunguu, nyanya, mahindi, ndizi, mbao, mchanga wa mtoni, matofali: vyote hivi sharti vibebwe, na sehemu kubwa hubebwa na malori yenye umri kuwashinda mataniboi wanaoyapakia. Mengine yamshinda hata dereva. Tena si umri tu. Mengi kati ya hayo siyo tena yale yaliyotoka kiwandani. Chesisi imekatwa katikati na kuungwa ili bodi iwe ndefu, au imewekewa nyuma ekseli ya tatu ambayo kiwanda hakikuiweka, au injini ya kabila moja imelazwa ndani ya lori la kabila jingine.

Hatuandiki haya ili kuwacheka wenye malori, wala mafundi. Maoni yetu ni haya. Hatusemi malori haya yatupwe. Twasema kwamba dereva asipewe ufunguo wa lori lililokatwa chesisi mpaka ameonyeshwa karatasi mbili: kitabu cha gari kinacholieleza lori kama lilivyo sasa, na barua ya kampuni ya bima inayosema kwamba kampuni yajua lori lilikatwa. Dereva asiyeonyeshwa karatasi hizo ana haki ya kukataa, na Chama kina wajibu wa kusimama naye.

Kuna wenzetu watakaosema kwamba haya ni maneno ya tajiri na bima yake, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kama tutakavyoonyesha.

Kwanza tuseme habari ya malori yenyewe. Kuunga lori si jambo geni katika nchi hii. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 malori yaliyoachwa na jeshi yaliuzwa kwa raia, na waliyoyanunua waliyakata na kuyaunga kwa kazi za shamba na za biashara. Kisha zikaja Bedford za namna ya TJ, ambazo zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, na baadaye Isuzu TX. Wazee wetu wa usukani wanazisifu hadi leo, na wana haki ya kuzisifu. Chuma chake kilikuwa kinene, na fundi mwenye spana na nyundo aliweza kuifungua injini yote chini ya mti na kuifunga tena kabla ya jua kutua. Hapana kompyuta wala waya za ajabu. Ndiyo sababu lori la namna hii halifi. Likichoka safari ndefu hupewa kazi ya mchanga. Likichoka mchanga hukatwa na kuwa lori jipya lenye nambari ileile ya zamani.

Lakini kuna shida moja ambayo watu hawaifikiri. Kiwanda kilichotengeneza Bedford huko Dunstable kilifungwa zamani. Mwenye lori la siku hizi akitaka kurefusha chesisi aweza kuwaandikia wenye kiwanda na kuuliza: naweza kukata hapa? nichomelee namna gani? uzito wa juu utakuwa kiasi gani? Naye hupata majibu. Mwenye Bedford hana pa kuandika. Amebaki na fundi wake na Mungu wake. Kwa hiyo lori la zamani lataka uangalifu zaidi kuliko la sasa, si kidogo zaidi, na sisi twafanya kinyume.

Sasa tuje kwenye ekseli ya tatu, maana hapo ndipo penye tamaa. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu lori la ekseli mbili lifike tani 18, yaani tani 8 mbele na tani 10 nyuma kwenye magurudumu pacha. Lori la ekseli tatu laruhusiwa tani 26. Tofauti ni tani 8. Piga hesabu kwa magunia ya mahindi ya kilo 90: ni magunia 88 na zaidi. Ukitoa uzito wa ekseli yenyewe, springi zake na magurudumu yake, bado faida ni kubwa katika kila safari ya kutoka Kitale. Basi tajiri hununua ekseli kuukuu, huwaita mafundi, na baada ya siku chache lori la tani 18 lina magurudumu ya kusimama mizanini kama lori la tani 26.

Mizani ya Webuye hupima kile kinachokanyaga. Haioni kilichoungwa chini ya bodi. Karani wa mizani akiona kila ekseli imo ndani ya kiasi chake, lori lapita, na dereva ashukuru. Lakini reli za chesisi ni zilezile za tani 18. Breki za mbele ni zilezile. Usukani ni uleule. Ni kama kumwongezea mtu viatu ukadhani umemwongezea mgongo.

Na mgongo wenyewe ndio huu. Chesisi ya lori ni reli mbili za chuma zilizokunjwa mfano wa sanduku lililo wazi upande mmoja. Kila reli ina mdomo wa juu, mdomo wa chini na ukuta katikati. Lori likipakiwa, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, mdomo wa juu hubanwa na mdomo wa chini huvutwa kama kamba. Kitu kinachovutwa ndicho hupasuka. Kwa hiyo watengenezaji wote wa malori hukataza kutoboa tundu au kuchomelea kitu kwenye midomo ya reli. Wakitaka kufunga jambo hutoboa ukutani. Nendeni mkaangalie chini ya malori yetu. Tumeona bamba zilizochomelewa mdomoni upande wa chini kwa mstari mmoja wa kukatiza, nje ikapakwa rangi nyeusi nzito ili isionekane. Chuma cha lori si chuma cha dirisha. Kimepikwa kiwandani kwa namna yake, na moto wa kuchomelea hukilainisha pale karibu na mshono. Mshono wenyewe waweza kuwa mgumu na mzuri. Ufa huanza kidole kimoja pembeni.

Kisha kuna hesabu ya urefu. Boriti yenye mzigo uliotandazwa sawasawa, urefu wake kati ya nguzo ukitoka mita 4 kwenda mita 5 na mzigo ukawa uleule, nguvu ya kuikunja huongezeka kwa robo. Lakini ni nani aliyewahi kurefusha bodi ili abebe mzigo uleule? Bodi ikirefuka magunia huongezeka. Mzigo ukijaza ule urefu mpya, nguvu ya kukunja huzidi ile ya kwanza kwa zaidi ya nusu. Lori la namna hiyo latoka Kitale asubuhi, lapita Kiminini, na linapoanza kuteremkia daraja la Kamukuywa uzito wote unakimbilia mbele, dereva anakanyaga breki, na pale palipoungwa ndipo panapoulizwa swali.

Tusidhulumu haki ya mafundi. Kuunga chesisi vizuri kwawezekana, na wako mafundi wa Kitale na Bungoma wanaojua. Hukata kwa mshazari, si kwa mstari ulionyooka. Huunga mbali na mahali zinapofungwa springi. Huchomelea mpaka moto umepenya unene wote, kisha husaga mshono ukawa laini. Ndani ya reli huweka reli nyingine ya kusaidia, ndefu, iliyofungwa kwa bolti ukutani, na ncha zake hukatwa mshazari pia ili nguvu isikome ghafula mahali pamoja. Hawagusi nambari ya chesisi. Wakimaliza huangalia mabomba ya breki, na shafti ya kupeleka nguvu nyuma, ambayo ikirefuka yahitaji bearing ya katikati. Kazi hiyo yataka siku nyingi na fedha nyingi. Fundi anayeambiwa "nataka lori kesho jioni" hawezi kuifanya hata kama ni bingwa. Naye ni mfanya kazi kama sisi, anasukumwa na tajiri yuleyule. Twamwomba jambo moja tu: aandike katika risiti ni nini alichokifanya, wapi, na siku gani. Fundi anayeogopa kuandika kazi yake ajue kwamba na dereva naye ataogopa kuiendesha.

Tuingie sasa katika bima, na hapa twaomba msome polepole, maana wengi wanadhani kile kikaratasi cha kioo cha mbele ni dawa ya kila ugonjwa.

Bima ambayo sheria yalazimisha kila gari kuwa nayo ni bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye lori, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni yule aliye barabarani: mama anayeuza mahindi ya kuchoma, mtoto wa shule, mtu wa bodaboda. Bima hii imewekwa kwa ajili yake. Tena sheria, ambayo ni Sura ya 405, ilijua hila za makampuni. Yasema kwamba kampuni haiwezi kumnyima mtu wa tatu malipo kwa kusingizia tu kwamba gari lilikuwa bovu. Sharti imlipe kwanza, halafu yaweza kumgeukia mwenye gari kumdai. Tangu mwaka 2006 kampuni hailazimishwi kumlipa mtu mmoja zaidi ya shilingi 3,000,000. Hukumu ikizidi hapo, kilichozidi hutafutwa kwa mwenye gari.

Hayo ni ya gari bovu. Lori lililofichwa ni mambo mengine. Mapatano ya bima yamesimama juu ya kusema kweli. Mwenye lori anapojaza fomu huulizwa habari za gari lake, na hata asipoulizwa apaswa kusema kila jambo kubwa ambalo lingeifanya kampuni ikatae au ipandishe bei. Chesisi iliyokatwa ni jambo kubwa. Ekseli iliyoongezwa ni jambo kubwa. Akificha, kampuni yaweza kwenda mahakamani kuomba itangazwe kwamba bima ile ilipatikana kwa kuficha kweli, na kwa hiyo si bima. Sheria yaipa nafasi kufanya hivyo kabla ya kesi ya mdai au katika miezi mitatu tangu kesi ile kuanza. Ikishinda, kampuni yajitoa. Na ikijitoa, ni nani wanaobaki mbele ya mdai? Mwenye lori na dereva, maana kwa kawaida hushtakiwa pamoja. Mwenye lori aweza kuwa na shamba, au ameandika mali kwa jina la mkewe. Dereva ana koti lake.

Kwa hiyo yule dereva asemaye "bima ni ya tajiri" anakosa. Bima nzuri ni mwavuli uliowafunika wote wawili. Tajiri akisema uongo katika fomu, ameutoboa mwavuli upande wa dereva bila kumwambia.

Je, na taniboi? Huyu ndiye aliyesahauliwa kuliko wote. Ile bima ya lazima ya mtu wa tatu hailazimishwi kumfunika mfanya kazi wa mwenye gari aliyeumia kazini. Taniboi aliyelala juu ya magunia, lori likavunjika mgongo naye akafa, si mtu wa tatu. Haki yake imo katika sheria nyingine, ile ya mwaka 2007 ya malipo kwa waumiao kazini. Sheria hiyo yamtaka tajiri awawekee wafanya kazi wake bima ya pekee, na yasema kwamba mtu akifa kazini, au akipoteza kabisa nguvu ya kufanya kazi, malipo ni mapato ya miezi 96. Tuseme alikuwa akilipwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 1,152,000 kwa watu wake. Lakini wangapi kati ya mataniboi wetu wana barua ya kuajiriwa? Wangapi wameandikwa mahali popote? Huokotwa stendi asubuhi, hulipwa kwa safari, na akifa twaambiwa alikuwa abiria aliyeomba kupelekwa tu. Taniboi, dai jina lako liandikwe katika karatasi ya safari kila siku. Hilo halina gharama, na ni ushahidi.

Sasa jela. Sheria ya Barabara, Sura ya 403, yakataza kutumia barabarani gari lililo katika hali ya kuhatarisha watu, na anayeshtakiwa ni yule anayeliendesha au kulitumia. Askari akisimamisha lori hapati tajiri ndani yake. Anapata dereva. Watu wakifa, dereva aweza kushtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, ambako kifungo chake chafika miaka 10. Hakimu atauliza: wewe hukujua kwamba lori lina ekseli tatu na kitabu chasema mbili? Hukuhesabu?

Hili si la kubuni. Mwenzetu mmoja, ambaye hatuandiki jina lake wala la tajiri wake, alisimamishwa akiwa na mzigo wa mahindi. Askari aliinama chini ya lori, akaona bamba, akaomba kitabu. Kitabu kilisema ekseli mbili. Mwenzetu alilala korokoroni siku mbili. Siku ya tatu alikuja wakili aliyetumwa na tajiri, akaandika karatasi nyingi, na jioni ile lori likatoka. Dereva alibaki mpaka ndugu zake wa Mukuyuni walipochanga fedha za dhamana. Lori lilipata wakili kabla ya mtu. Na alipotoka alikuta kazi imepewa mwingine, kwa sababu "alileta maneno na polisi."

Mtatuuliza, je, ukaguzi hauko? Uko. Kila mwaka lori la biashara sharti likaguliwe, na kazi hiyo sasa ni ya halmashauri ya usalama barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mtu akibadili gari lake yampasa kuomba, gari likaguliwe, na kitabu kibadilishwe. Kitabu kina mahali pa kuandika idadi ya ekseli, uzito wa lori tupu, mzigo linaoruhusiwa, namna ya bodi. Vyombo vyote vipo. Linalokosekana ni kuvitumia kwa moyo mweupe, na hapa lawama ni ya pande nyingi.

Wako matajiri wanaoazima magurudumu mapya kwa siku ya ukaguzi na kuyarudisha jioni. Sote twajua, na baadhi yetu ndio tuliyoyafunga. Wako wanaofungua ekseli ya nyongeza kabla ya kwenda Eldoret na kuifunga tena wakirudi. Tena wako, twasikia, wanaopata karatasi ya ukaguzi na lori halikutoka kwenye uwanja wa nyumba. Kama hilo ni kweli, basi karatasi hiyo ni mbaya kuliko kukosa karatasi, kwa sababu yamtuliza dereva. Mkaguzi mwaminifu hahitaji mashine kubwa kuliona jambo hili. Ahesabu ekseli, asome kitabu, achukue tochi, ainame.

Na wakala wa bima naye tusimwache. Huuza karatasi yake akiwa ameketi kibandani, au kwa simu, bila kulitazama lori hata kwa mbali. Fedha ya bima huipokea bila kuuliza maswali, maswali huanza siku ya ajali. Siku hiyo kampuni hutuma mtu mwenye kamera na utepe wa kupimia, naye hulala chini ya lori saa mbili nzima. Kwa nini asije kabla? Huko Uingereza zilikotoka Bedford, mtu akiikata chesisi ya gari la zamani sharti aiambie ofisi ya kuandikisha magari, na mwenye bima naye huambiwa. Yako makampuni huko yanayoshughulika na magari ya kale yaliyobadilishwa. Yataka picha, yataka ripoti ya injinia, kisha hutoa bima na kusema bei. Hapana ajabu. Hata hapa kwetu kampuni yaweza kukubali, ikionyeshwa.

Tumewasikiliza wenye malori pia. Wote si matajiri wakubwa. Mmoja alituambia lori lake ni moja tu, alilinunua kwa fedha za miwa na mkopo wa mkewe mwalimu, na kwamba akifuata kila karatasi itambidi aliweke lori mwezi mzima bila kazi. Twaamini. Lakini gharama ile haipotei kwa kukataa kuilipa. Imehamishwa tu, kutoka mfukoni mwake hadi shingoni mwa dereva. Njia nafuu ipo. Wenye malori wa Chwele na Kimilili wanaweza kuungana, wakamwita injinia mmoja aliyeandikishwa na Bodi ya Wahandisi, akaja siku moja akakagua malori kumi au ishirini na kuandika ripoti kwa kila moja. Lililoungwa vizuri liandikwe, lipelekwe kukaguliwa, kitabu kibadilishwe, bima ijulishwe. Lililoungwa vibaya lirudishwe kwa fundi, au lishushiwe mzigo, au ekseli ya nyongeza iondolewe lirudi kuwa la tani 18. Yapo yatakayokuwa hayafai kabisa. Hayo yauzwe chuma.

Kwa dereva anayeogopa kukataa, sheria haikumwacha mikono mitupu. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na msimamizi hana ruhusa ya kumrudisha katika hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Yasema tena kwamba mtu aliyeacha mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya namna hiyo asifukuzwe wala kuadhibiwa. Lakini neno la mdomo hupotea. Mwarifu kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: siku, saa, nambari ya lori, ulichokiona. Piga picha ya mshono na picha ya kitabu. Hifadhi. Kama huwezi kuandika mwambie katibu wa tawi akuandikie, ndiyo kazi yake.

"Nikikataa mimi, mwingine yuko getini." Tumeyasikia maneno haya mara mia, na ni kweli yuko. Anasimama pale kwa sababu ana njaa, si kwa sababu ni adui. Dereva mmoja akikataa, tajiri hubadili dereva. Madereva wote wa soko la Chwele wakitaka kuona karatasi zilezile mbili, tajiri hubadili karatasi. Basi yule wa getini aambiwe habari hii kabla hajapewa ufunguo, tena aambiwe kwa heshima, na aandikwe katika Chama kama hajaandikwa.

Tawi limewaandikia wenye malori wa sehemu hii barua yenye maombi matatu. Nakala ya kitabu cha gari na ya bima ikae ndani ya kila lori, dereva aisome. Kila lori lililokatwa chesisi au kuongezwa ekseli litajwe kwa kampuni ya bima kwa maandishi, na jibu lake dereva alione. Na dereva akishtakiwa kwa sababu ya hali ya lori ambayo si kazi yake, wakili na dhamana viwe juu ya mwenye lori, na siku alizokaa ndani zihesabiwe kuwa siku za kazi. Barua ya namna hiyo imepelekwa pia kwa mawakala wa bima wa Bungoma na Kitale, kuwaomba watume mtu kulitazama lori kabla ya kupokea fedha.

Majibu yakija tutayachapa katika kurasa hizi. Yasipokuja tutachapa hivyo pia, pamoja na majina ya malori ambayo madereva wake wametuletea picha. Ofisi ya tawi hufunguliwa jioni baada ya kazi. Mwenye kuja alete nambari ya lori, idadi ya ekseli kama alivyozihesabu mwenyewe, na idadi kama kitabu kinavyosema.